Shajara ya mradi: daftari la mali kauli kwenye SQLite na FastAPI

Hii naiandika kadiri kazi inavyokwenda, nikimaliza hatua naongeza kipande. Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Dodoma, saruji, misumari, nondo, mabomba, rangi, na mafundi wanachukua mali kauli halafu wanalipa wakishalipwa na mwenye nyumba. Yote hayo yako kwenye madaftari matatu, moja limemwagikiwa mafuta ya taa, na kila mwisho wa mwezi ni kelele. Nataka vijana wawili wa dukani waandike mauzo kwa simu zao, data ikae kwenye laptopu ya kaunta, intaneti isihusike kabisa. Ukitaka kuiga karibu, ila soma mpaka chini kwanza, maana ya huku juu mengine nilikuja kuyabomoa.

11 Januari 2025: vifaa

Laptopu ya mtumba 250,000, betri yake inakaa kama dakika kumi hivi. Rauta 65,000, haina laini wala nini, kazi yake simu ziione laptopu tu. Flashi mbili za bakapu 24,000. Jumla 339,000 na shangazi ameshaniuliza mara mbili "hiyo rauta bila bando inafanya nini".

Kwa nini SQLite na sio databesi (ghala la data) kubwa zile za seva. Rafiki yangu mmoja aliniambia nitaaibika, watu serious wanatumia PostgreSQL, mojawapo ya hizo za seva. Sawa, lakini seva ya databesi ni programu nyingine inayotakiwa iwake, iwe na mtumiaji wake, nywila yake, na siku ikigoma mimi niko mbali nani ataiamsha? SQLite sio seva, ni maktaba tu inakaa ndani ya programu yako na data yote iko kwenye faili moja. Na kuzaliwa kwake kulitokana na shida hii hii: Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya programu ya meli ya kivita ya Marekani, akachoshwa na databesi ya seva ikilala programu nzima nayo inalala. Duka la Dodoma umeme unakatika mvua ikinyesha, naona tunaelewana na hiyo meli.

FastAPI, maktaba ya Python ya kupokea na kujibu maombi ya simu, kwa sababu Python naijua kiasi, na inakagua yenyewe kile kilichotumwa kabla hakijafika kwangu. ORM (maktaba inayokuandikia SQL, lugha ya kuongea na databesi) sijaweka, natumia sqlite3 inayokuja na Python. Nilitaka nione kila SQL inayopita, na kwa kweli makosa yote ya huku chini ningeyafanya tu hata ningeweka ORM, ila ningechelewa kuyaelewa.

12 Januari: usiku wa kwanza

Majedwali manne: bidhaa, wateja, mauzo, malipo. Hayo ni ya kawaida siyaelezi. Koneksheni, kiungo cha programu na databesi, niliifungua mara moja juu kabisa ya faili, njia zote (fanksheni zinazojibu maombi ya simu) zikawa zinaitumia hiyo hiyo, na zote niliziandika async def, mtindo wa fanksheni kupishana zikiwa zinasubiri, kwa sababu mifano mingi iko hivyo. Ikakubali, nikawa nauza saruji hewa kwenye simu yangu.

Halafu nikaanza kujiuliza. Moduli ya sqlite3 haijui kupisha wenzake, ikiwa inasubiri diski inashikilia thredi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) nzima, na async def zote zinapita kwenye thredi moja, kwa hiyo mmoja akikwama wote wamekwama. Ukiandika def tupu bila async, FastAPI inaipeleka kwenye kundi la thredi za pembeni na foleni kuu inabaki huru. Basi nikafuta async kila mahali, nikawasha upya, ombi la kwanza tu:

sqlite3.ProgrammingError: SQLite objects created in a thread can only be used in that same thread.

Yaani ilikuwa inakubali mwanzo kwa bahati tu, kila kitu kilikuwa thredi moja. Nikatafuta, kila mtu anasema weka check_same_thread=False, inayozima ukaguzi huo. Nikaweka, kosa likapotea, nikalala nimefurahi. Usifanye hivyo kama nilivyofanya mimi, sababu iko chini hapo.

19 Januari: mauzo ya mdogo wangu yalipoyeyuka

Jumapili nzima nimeipoteza hapa. Nilimpa mdogo wangu simu moja mimi nikashika nyingine tukawa tunauza wote kwa pamoja. Mara akasema kaka mimi imeniambia imehifadhiwa ila kwenye orodha siioni. Nikadhani amekosea. Akarudia, safari hii ikaonekana. Akarudia tena mara kumi, zote zipo. Kosa la namna hii ndo baya kuliko yote, linakuja likitaka.

Mwishowe nikaweka time.sleep(0.5), kusubiri nusu sekunde, makusudi katikati ya kuandika mauzo na COMMIT (amri ya kuthibitisha yaliyoandikwa) ili dirisha la kosa liwe pana, na hapo likajitokeza kila mara. Ilikuwa hivi: yeye ameandika mauzo yake, bado hajafika kwenye COMMIT. Mimi kwa wakati huo huo nauza nondo ambazo hazipo stoo, kanuni ya CHECK kwenye jedwali inakataa, programu yangu inapiga ROLLBACK, yaani futa yote ambayo hayajathibitishwa. Lakini koneksheni ni moja tu, kwa hiyo muamala (kundi la maandishi yanayothibitishwa au kufutwa kwa pamoja) nao ni mmoja tu! ROLLBACK yangu ikafuta na ya kwake, halafu ya kwake ikaendelea mpaka mwisho, ikathibitisha hewa, ikamjibu imehifadhiwa.

Kile kizuizi cha thredi kilikuwa kinanikinga na hili hili, mimi nikakizima ili nilale.

Dawa ni kila ombi lipate koneksheni yake:

def pata_db():
    db = sqlite3.connect("duka.db", check_same_thread=False, isolation_level=None)
    db.row_factory = sqlite3.Row
    try:
        yield db
    finally:
        db.close()

na kila njia inaandikwa db = Depends(pata_db), yaani FastAPI iiite pata_db kwa kila ombi. Utauliza mbona check_same_thread=False bado ipo. Kwa sababu FastAPI inaweza kufungua koneksheni kwenye thredi moja, ikaendesha njia yako kwenye nyingine, ikaja kuifunga kwenye ya tatu. Tofauti ni kwamba sasa koneksheni ina mwenyewe mmoja na inatumika hatua kwa hatua, hakuna wawili wanaoishika kwa pamoja. Mstari ule ule wa kodi, mwanzo ulikuwa sumu hapa ni dawa. Niliogopa kufungua na kufunga kila ombi kutachelewesha, lakini ni kufungua faili tu, kwenye simu sijaona tofauti yoyote.

Hiyo isolation_level=None inaizuia Python isianzishe miamala kimya kimya kwa niaba yangu, naanzisha mwenyewe:

@contextmanager
def muamala(db):
    db.execute("BEGIN")
    try:
        yield
        db.execute("COMMIT")
    except BaseException:
        db.execute("ROLLBACK")
        raise

COMMIT inafanyika ndani ya njia yenyewe kabla ya jibu kwenda, sitaki tena mtu aambiwe imehifadhiwa kabla haijahifadhiwa. Ile BEGIN hapo ina kasoro, nimeijua Februari.

25 Januari: kuingiza madaftari

Shangazi alinipa madaftari Ijumaa jioni akasema Jumatatu anayataka. Nimeyapiga kwenye jedwali la kompyuta, nikalitoa kama CSV (maandishi yaliyotenganishwa kwa koma), nikaandika skripti ya kuingiza.

Ilianguka mstari wa saba: near "ombe": syntax error. Nikakaa nakodoa macho, ombe ni nini? Mteja anakaa Chang'ombe. Nilikuwa nimeunganisha SQL kwa f-string, njia ya Python ya kupachika thamani ndani ya maandishi, hiyo alama ya ng' ikafunga nukuu katikati ya jina la mtaa. Kila mtu anaonya kuhusu wadukuzi ukiunganisha maandishi hivyo, mimi nimedukuliwa na ng'ombe. Tumia alama ya kuuliza, VALUES (?, ?), thamani unazipa pembeni. Kwa lugha yetu hii yenye ng' kila kona huna hata pa kujitetea.

La pili halikuanguka, na ndo lilikuwa baya zaidi. Jumla ya bei za stoo ilitoka ndogo kiajabu. Kuna bei nilizozipiga na koma, "15,000", na kolamu nimeitangaza INTEGER vizuri kabisa lakini SQLite kwa kawaida yake aina ya kolamu ni pendekezo tu, ikishindwa kuigeuza kuwa namba inaihifadhi kama maandishi na haisemi kitu. Kupitia API (mlango unaotumiwa na simu) isingewezekana, FastAPI ingeikataa na 422, jibu la data mbovu, ila skripti yangu ilipitia mlango wa nyuma. Kweri (swali kwa databesi) ya kuwakamata:

SELECT typeof(bei), count(*) FROM bidhaa GROUP BY 1;

Nilikuta integer 212 na text 31. Dawa ni neno STRICT mwishoni mwa CREATE TABLE, lipo tangu toleo 3.37.0 la 2021, na sasa ikiona koma inagoma hapo hapo: cannot store TEXT value in INTEGER column bidhaa.bei. Hivyo ndo nataka.

Misumari nimeihifadhi kwa gramu, namba kamili. Robo na nusu zingekwenda hata kwa desimali, tatizo ni yule mteja anayesema nipimie ya buku. Pesa nazo ni shilingi kamili, senti hakuna mtu anazihesabu.

2 Februari: dukani

Kwenye laptopu ya duka hakuna kilichokubali.

Kwanza maktaba nilizibeba kwa flashi nikiwa nimezipakua nyumbani kwenye Python 3.12, ya duka ilikuwa ya zamani. FastAPI yenyewe ni Python tupu haina neno, ila pydantic-core, kipande inachokitegemea kukagua data, imekompailiwa (imegeuzwa lugha ya mashine) na inataka toleo lake la Python, ikakataa. Pili, SQLite ya Ubuntu 20.04, mfumo endeshi wa ile laptopu, ni 3.31, STRICT haiijui, kwa hiyo databesi niliyotoka nayo nyumbani ikaniambia malformed database schema. Nilijua faili limeharibika njiani kumbe limezaliwa tu baada ya msomaji wake. Angalia sqlite3.sqlite_version kwenye Python ya mashine zote mbili KABLA ya kutoka nyumbani.

Nikanunua bando la 10,000, nikashusha mfumo endeshi wa Debian 12 wenye SQLite 3.40 na Python 3.11, nikafuta ile ya zamani. Saa nne za Jumapili hizo. Baada ya hapo maktaba zikaingia kwenye venv (folda ya maktaba za mradi huu tu) kwa hilo hilo bando.

Tatu, ukurasa wa /docs, wa maelezo ya API ambao FastAPI inautengeneza yenyewe, niliokuwa naringia ukafunguka mweupe pe. API inajibu, ukurasa hakuna. Ni kwamba /docs inavuta JavaScript na CSS zake kutoka intaneti, na sisi hatuna. Unaweza kushusha hizo faili mbili ukazihudumia mwenyewe, mimi niliacha, vijana wana ukurasa wao wa HTML niliowaandikia.

Uvicorn, programu inayoendesha FastAPI, nayo kwa kawaida inasikiliza 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe tu), simu haziwezi kuiona, weka --host 0.0.0.0 na kwenye rauta ipe laptopu IP isiyobadilika. Nikaiwekea huduma ya systemd (kiwashaji cha programu cha mfumo endeshi) ili iwake yenyewe umeme ukirudi. Nikaondoka saa moja usiku.

3 Februari: "madeni yameenda wapi?"

Simu saa mbili asubuhi. Shikamoo shangazi. Hata marahaba sikuipata. "We mtoto, madeni yameenda wapi? Hapa hakuna mtu hata mmoja anayedaiwa, na fundi yuko hapa mbele yangu anacheka."

Nimepanda bodaboda, 4,000 kwenda na kurudi. Kumbe jana niliiwasha kwa mkono nikiwa ndani ya folda ya mradi. Asubuhi imewashwa na systemd, ambayo kama hujaiambia vingine inaanzia kwenye mzizi, /. Na mimi niliandika sqlite3.connect("duka.db"), jina tupu bila njia kamili. SQLite ikitafuta faili isipoliona haisemi halipo, inakutengenezea jipya. Programu yangu ikiwaka inaendesha CREATE TABLE IF NOT EXISTS (unda jedwali kama halipo), kwa hiyo majedwali nayo yakazaliwa, matupu, safi, hakuna kosa hata moja kwenye logi. Na nilikuwa naiendesha kama root (mtumiaji mwenye ruhusa zote), uvivu, ndo maana hata ruhusa ya kuandika kwenye / haikuizuia. Makosa matatu madogo yameshikana mikono.

Faili la kweli lilikuwepo halijaguswa, madeni yakarudi, fundi akaacha kucheka. Sasa hivi iko hivi:

NJIA = "file:/srv/duka/duka.db?mode=rw"
db = sqlite3.connect(NJIA, uri=True, check_same_thread=False, isolation_level=None)

mode=rw maana yake soma na andika lakini usiumbe. Faili lisipokuwepo inalia unable to open database file na programu haijibu. Kuumba databesi nimekuhamishia kwenye skripti ya pembeni, anza.py, inaendeshwa na mtu kwa mkono, na inaandika namba ya toleo la majedwali kwa PRAGMA (amri ya mipangilio ya SQLite) user_version ili nikibadilisha muundo nijue niko wapi. Na root tumeachana, huduma ina mtumiaji wake.

Nikiangalia nyuma, karibu kila kilichonipiga mpaka hapa ni kimya cha SQLite. Haikugoma kwa koma, haikugoma kwa faili lisilokuwepo. Kwa hiyo kuanzia leo kila mahali inapoweza kulalamika nataka ilalamike.

9 Februari: deni lisilo na mwenyewe, na saa kumi alfajiri

Kijana alikuta mteja ameandikwa mara mbili akamfuta mmoja. Bahati mbaya aliyefutwa ndo alikuwa na deni. Orodha ya madeni inaunganisha mauzo na wateja, deni likatoweka kwenye orodha, lakini jumla kuu ya juu ikabaki nalo. Shangazi alijumlisha kwa kalkuleta yake kubwa ile, akaniambia "orodha yako na jumla yako haviongei".

Nilikuwa nimeandika REFERENCES wateja(id), kufunga mauzo kwa mteja wake, na nikawasha PRAGMA foreign_keys = ON inayolinda kifungo hicho. Ila niliiwasha mara moja, kwenye terminali, nikadhani imeandikwa kwenye faili. Haiandikwi. Bila kuambiwa imezimwa, kwa ajili ya programu za zamani, na ukiiwasha inawaka kwa koneksheni hiyo tu. Mimi nafungua mpya kila ombi. Mstari mmoja umeingia ndani ya pata_db mara baada ya row_factory:

db.execute("PRAGMA foreign_keys = ON")

na yatima waliokwisha kuzaliwa unawapata kwa PRAGMA foreign_key_check. Nilikuwa nao watatu. Mteja mwenye deni hafutwi tena, API inajibu 409 (ombi linagongana na data iliyopo).

La saa. Shangazi anaangalia mauzo: "Nani alikuwa dukani saa kumi na nusu alfajiri?" Akaanza kumwangalia kijana vibaya. Skrini ilionyesha 04:30. CURRENT_TIMESTAMP ya SQLite ni UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo ni saa moja na nusu asubuhi, muda wa kufungua duka. Nikaangalia na yale ya daftari niliyoyaingiza usiku wa manane, yote yalikaa tarehe ya jana. Nimeacha UTC kwenye hifadhi na kwenye kweri nasogeza, date(wakati, '+3 hours'), masaa yetu hayabadiliki kwa misimu kwa hiyo inatosha. Kwenye skrini nimeweka saa ya Kiswahili kabisa, inaandika saa 1:30 asubuhi, na kijana ameachiwa.

22 Februari: database is locked

Jumamosi, duka limejaa, simu zote mbili zinatoa 500 (kosa la seva) baada ya kuzunguka sekunde tano. Sekunde tano ndo muda Python inaosubiri kufuli kabla ya kukata tamaa. Mimi nilikuwa dukani, nimetoka kula wali maharage.

Na aliyefunga ni mimi. Kabla ya kwenda kula nilifungua databesi kwa programu ya kuangalizia majedwali, nikabadilisha bei moja, sikubonyeza kuhifadhi, nikaenda zangu. Muamala wa kuandika ukabaki wazi na SQLite mwandishi ni mmoja tu kwa wakati. Nilikimbilia kuweka PRAGMA journal_mode = WAL (kuandika kwanza kwenye faili la pembeni) nikidhani ndo tiba kwa vile wote wanaisifia. WAL inafanya wasomaji na mwandishi wasizuiane, ripoti ya mwezi haimsimamishi tena muuzaji, hilo ni kweli na nimeiacha, na yenyewe tofauti na foreign_keys inabaki kwenye faili ukiiweka mara moja. Lakini waandishi wawili bado ni foleni. Tiba ya tatizo langu ilikuwa kufunga lile dirisha.

Kwa kuwa nimeshaingia huko nikaandika skripti ya kupiga maombi 200 kutoka madirisha mawili, yote yananunua saruji. Ikatoka database is locked kwenye baadhi, na safari hii papo hapo, bila kusubiri hata sekunde. Hapa nilichukua siku mbili kuelewa. BEGIN ya kawaida inakuanzisha kama msomaji. Nasoma stoo ipo mifuko 5, halafu nataka kuandika. Katikati mwingine ameshaandika, picha niliyoisoma imepitwa, hata nikisubiri haiwezi kuwa mpya, kwa hiyo SQLite inanikataa mara moja na ule muda wa kusubiri hauhusiki. Dawa ni neno moja kwenye ile muamala ya Januari, BEGIN IMMEDIATE. Unaingia foleni ya kuandika tangu mlangoni, na hapo kusubiri kunafanya kazi. Maombi 200, hakuna lililoanguka.

Na kupunguza stoo nimeacha mtindo wa kusoma halafu kutoa halafu kuandika. Ni sentensi moja:

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - ? WHERE id = ? AND idadi >= ?

rowcount (idadi ya mistari iliyoguswa) ikiwa 0 mzigo hautoshi, jibu 409.

Vipimo vya kodi: nilijaribu databesi ya :memory:, isiyo na faili, ikawa kila mara no such table. Kila koneksheni ya :memory: ni databesi yake mpya, na mimi nafungua koneksheni kila ombi, naumba majedwali huku nauza kule. Tumia faili la muda na app.dependency_overrides[pata_db], inayoweka mbadala wa pata_db wakati wa vipimo, maisha yanaendelea.

8 Machi: bakapu ambayo haikuwa bakapu

Kila jioni kijana alikuwa anakopi duka.db kwenda flashi. Leo nimeifungua flashi nyumbani, mauzo ya siku tatu za mwisho hayapo. Dukani yapo.

Ukiwa na WAL yaliyoandikwa karibuni yanakaa kwanza kwenye faili la pembeni, duka.db-wal, yakifika kurasa 1000 hivi au koneksheni ya mwisho ikifungwa ndo yanahamia kwenye faili kuu. Koneksheni zangu zinafungwa kila ombi kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinahama haraka na kopi zilitoka nzima. Mpaka nilipoacha terminali ya sqlite3 wazi Jumatano. Koneksheni ya mwisho haikufungwa tena, siku tatu zote zikakaa kwenye -wal, na flashi inabeba .db tu. Hata ukibeba zote mbili wakati watu wanauza unaweza kupata mchanganyiko. Sasa skripti ya jioni inafanya

VACUUM INTO '/media/flashi/duka-2025-03-08.db'

inatoa faili moja zima lililotulia hata kama duka linaendelea. Kila siku jina jipya, maana ikikuta faili lenye kitu ndani inakataa. Jumapili nafungua moja nahesabu mistari, sitaki kuja kujua siku ya msiba.

Umeme. Nilichomoa waya na betri mara sita katikati ya skripti ya mauzo, kila lililojibiwa imehifadhiwa lilikuwepo baada ya kuwasha. Kuna ushauri unazunguka wa PRAGMA synchronous = NORMAL ili iende kasi, ukiwa na WAL faili haliharibiki lakini mauzo ya mwisho yanaweza kupotea umeme ukikatika. Duka hili likiuza vitu vitatu kwa dakika ni sikukuu. Nimeacha FULL, ya polepole ila salama zaidi. Betri mpya 70,000.

30 Machi: hesabu ya mwezi

Daftari la karatasi na mfumo vimepishana 57,000. Mfumo unadai zaidi. Ni fundi mmoja, mifuko mitatu ya 19,000, imeandikwa mara mbili sekunde nne mbali. Waifai ilikuwa nzito nyuma ya stoo, kijana akabonyeza hifadhi, akaona kimya, akabonyeza tena. Ombi la kwanza lilikuwa limefika, jibu lake ndo halikurudi.

Simu sasa inatengeneza namba ya kipekee kwa kila fomu inapofunguliwa na kuituma pamoja na mauzo, kolamu tokeni inayoihifadhi ni UNIQUE (hairuhusu kujirudia), na INSERT ina ON CONFLICT(tokeni) DO NOTHING, ikijirudia usifanye kitu. rowcount ikiwa 0 stoo haiguswi, narudisha yale mauzo ya kwanza kama hakuna kilichotokea. Jambo moja limenila jioni nzima: crypto.randomUUID(), fanksheni ya brauza ya kutengeneza namba hiyo, ilikubali kwenye laptopu, kwenye simu ikawa haipo kabisa. Brauza zinaitoa kwenye HTTPS (muunganisho uliofichwa) au localhost (mashine yenyewe) tu, na simu zinaingia kwa http://192.168 na kuendelea. crypto.getRandomValues() ipo kote, nimeunganisha mwenyewe.

Gharama mpaka leo 423,000, kazi yangu sijaihesabu na shangazi naye hajaihesabu. Fundi amepunguziwa 57,000 zake na amechukua mifuko mingine miwili, mali kauli. Madaftari mawili yamefungwa kamba yakapelekwa nyumbani, lile la mafuta ya taa shangazi amelibakiza chini ya kaunta na bado anaandika humo, anasema mpaka Eid nyingine.

Bado: ukurasa wa malipo ya kidogo kidogo, na kuweka nywila maana sasa hivi yeyote akijua ya waifai anaweza kujifutia deni.